Kinanda au Kompyuta: Kuitafuta Sauti ya Fidla, Udi na Ganuni

Vijana wanaopanga muziki huniuliza swali hili mara kwa mara: ninunue kinanda kizuri, au pesa yangu niiweke kwenye kompyuta na programu za sauti? Wengi wao wanatengeneza taarab, nyimbo za harusi au muziki wa tamthilia, na wanachotaka ni ala zisikike kama zimepigwa na watu. Wanataka fidla ambayo mtu aliyekulia akisikiliza Ikhwani Safaa na Culture Musical Club, vikundi vya taarab vya Zanzibar, ataipokea bila kukunja uso. Hao ni wasikilizaji wagumu. Ikhwani Safaa ipo tangu 1905, Culture tangu 1958, na masikio ya Unguja yamezoea fidla zinazovutwa na watu wanaojuana, waliokaa kiti kwa kiti miaka mingi.

Sijibu mpaka nijue ni ala gani inayotafutwa. Kifaa kinachokupa piano safi kinaweza kukupa fidla ya kuudhi, na tangazo la dukani halitakwambia hilo. Litakutajia sauti elfu na zaidi, gigabaiti kadhaa, midundo ya kila taifa. Hakuna hata moja kati ya hizo inayojibu swali lako.

Cha kuangalia kwanza ni namna ala yenyewe inavyotoa sauti. Zipo ala ambazo mpigaji akishaigusa noti, kazi yake kwenye noti hiyo imekwisha. Nyundo ya piano ikishaupiga uzi, risha ya udi ikishaupita, kiganja kikishatua kwenye dumbak, kinachofuata ni uzi au ngozi kujimalizia vyenyewe. Na zipo ala ambazo mpigaji anakaa na sauti tangu inapozaliwa hadi inapokatika: fidla, selo, nai (filimbi ya mwanzi), kodiani, tarumbeta. Katikati ya noti moja ndefu mpiga fidla anaweza kuongeza nguvu, kupunguza, kuanza kutikisa kidole, kuacha kutikisa, kugeuza upinde. Kundi la kwanza teknolojia imelifikia vizuri, hata kwa vifaa vya bei nafuu. Kundi la pili ndilo linalokula pesa, muda na akili.

Sehemu kubwa ya sauti tunazotumia, ziwe ndani ya kinanda au ndani ya kompyuta, ni sampuli. Mtu amekaa na ala halisi mbele ya maikrofoni, akapiga noti moja moja, kwa upole kisha kwa nguvu, na kila moja ikarekodiwa. Ukibonyeza, unachosikia ni rekodi ile. Tofauti ya sampuli nzuri na mbovu ni kiasi gani cha tabia za ala kiliwekwa ndani, na kiasi gani kiliachwa nje ili kuokoa nafasi. Korg M1 ya 1988, kinanda kilichosikika kwenye nyimbo za dunia nzima, kilibeba sauti zake zote ndani ya megabaiti 4. Kwa nafasi hiyo unarekodi noti chache sana, fupi sana, na mkia wa kila noti unaufunga uwe duara linalojirudia. Siku hizi piano moja ya kompyuta inaweza kuzidi gigabaiti 100.

Mfano ninaopenda kuwaonyesha wanaoanza ni Salamander Grand Piano, kwa sababu ni ya bure na kila faili lake unaweza kulifungua ulisikilize peke yake. Ilirekodiwa kutoka piano ya Yamaha C5. Vibonye vya piano ni 88, lakini hawakurekodi vyote. Walirekodi kimoja, wakaruka viwili, wakarekodi kinachofuata, na hivyo hivyo mpaka juu. Zikapatikana noti 30, kila moja kwa viwango 16 vya nguvu ya mguso, yaani rekodi 480. Noti zilizorukwa hupatikana kwa kuivuta rekodi ya jirani juu au chini kidogo. Sasa MIDI, lugha ambayo vinanda na kompyuta vimesemezana nayo tangu 1983, inapima nguvu ya mguso kwa hatua 127. Kwa hiyo kila rekodi inabeba hatua kama nane. Ukipiga taratibu na kuongeza nguvu kidogo kidogo kwenye noti ileile, sikio makini litasikia mahali rekodi moja inapoishia na nyingine inapoanza. Ndani ya wimbo wenye ngoma na mwimbaji hakuna atakayesikia. Piano ikiwa peke yake, wimbo wa taratibu, mpiga piano atasikia.

Njia nyingine ni programu isiyotegemea sampuli kabisa, inayokokotoa mwenendo wa nyundo, uzi na ubao papo hapo. Pianoteq ya kampuni ya Modartt, ya Toulouse huko Ufaransa, imekuwepo tangu 2006, na ukubwa wake ni makumi ya megabaiti tu. Ubora wake unaonekana kwenye pedali. Kwenye piano halisi, ukikanyaga pedali nyuzi zote zinakuwa huru, na zile ambazo hukuzipiga zinaanza kuitika zilizopigwa. Sampuli ya noti moja moja haina habari na majirani zake, isipokuwa waliotengeneza maktaba, yaani mkusanyiko wa sampuli, wamelifanyia kazi jambo hilo kwa makusudi. Programu inayokokotoa inalo tangu mwanzo. Wapo wanaoona sauti yake haina mwili wa mbao, nami kwenye baadhi ya piano zake nakubaliana nao, lakini kwa mtu mwenye kompyuta ya kawaida na diski iliyojaa, sijaona jibu bora kuliko hilo.

Piano imetosha. Fidla ndiyo inayovunja watu moyo.

Mzee mmoja mpiga fidla wa Unguja alisikilizishwa wimbo ambao fidla zake zote zilitoka kwenye kompyuta. Alikaa kimya mpaka mwisho wa ubeti wa pili, kisha akamuuliza kijana aliyeutengeneza: "Mwanangu, mbona upinde huu hauishi?" Nimelibeba swali hilo kila ninapofanya kazi. Upinde una urefu. Mpigaji akifika kwenye ncha lazima ageuze, na anapogeuza kuna badiliko dogo la sauti, kama mwimbaji anapovuta pumzi. Wapangaji wa taarab wanajua wapi upinde ugeuke ili uende na maneno ya mshairi. Noti ya kompyuta inaweza kushikiliwa dakika nzima bila kugeuka, na sikio la mtu aliyezoea fidla linachoka bila kujua sababu.

La pili ni safari kati ya noti. Fidla haina vizuizi shingoni, kidole kinaweza kutua popote. Mpigaji wetu aghalabu haiangukii noti moja kwa moja, bali anaijia kutoka chini kidogo au anaizunguka kabla hajatulia. Sampuli za kawaida hazina safari hiyo. Zina noti iliyoanza na noti nyingine iliyoanza. Vienna Symphonic Library, kampuni ya maktaba za sampuli ya Austria, ilijijengea jina kwa kurekodi safari zenyewe: kutoka noti moja kwenda kila noti nyingine ndani ya oktavu, juu na chini. Ukipiga hesabu ni nusutoni 12 za kupanda na 12 za kushuka, safari 24 kwa kila noti, kisha uzidishe kwa viwango vya nguvu na mitindo ya upinde. Ndipo gigabaiti zinapotoka. Na tangu programu zilipoanza kusoma sampuli moja kwa moja kutoka kwenye diski, mwishoni mwa miaka ya 1990, badala ya kuzijaza zote kwenye RAM, wazo hilo likawezekana hata kwa mtu mwenye studio ya chumbani.

Lakini safari zilizorekodiwa Ulaya ni za mwendo wa Ulaya. Mpigaji aliyerekodiwa aliteleza kwa kasi yake na kwa ladha yake, nawe huwezi kumwambia leo ateleze polepole zaidi au aishie njiani. Hapo ndipo ninapoziona programu za kukokotoa, kama zile za SWAM za kampuni ya Kiitaliano Audio Modeling, zinatufaa kuliko wanavyodhani wengi. Hazina rekodi ya safari. Unaitengeneza wewe kwa mkono wako. Ukiifungua fidla ya SWAM na kubonyeza bila kuisukumia ekspresheni, yaani amri ya MIDI ya kuongeza na kupunguza nguvu ya sauti, haitoi sauti, kwa sababu inasubiri upinde. Watu wengi huifunga hapohapo na kusema imeharibika. Iunganishe na pedali ya mguu, au na kidhibiti cha kupuliza kwa mdomo, na mkono wa kushoto uuweke kwenye magurudumu. Sauti yake ikiwa peke yake ni kavu na ina ukali fulani puani. Mwendo wake, hata hivyo, unaweza kufanana na wa mtu.

Kanuni hiyo inafaa kwa fidla yoyote, ya kinanda au ya kompyuta. Mkono wa kulia upige mstari mmoja tu, mkono wa kushoto usiguse vibonye. Kwenye MIDI kuna kidhibiti namba 1, ambalo ni gurudumu la modulesheni, na namba 11, ekspresheni. Maktaba nyingi za nyuzi hukitumia kimojawapo kama upinde. Noti ndefu isibaki tambarare hata mara moja: iingie, inenepe, ipungue, igeuke. Ukikuta mpangilio wa wimbo ambao vidhibiti hivyo viwili havina mchoro wowote chini ya fidla, umejua kwa nini inasikika kama kengele ya mlango, na dawa yake haiuzwi dukani.

Kuna jambo la ukumbi pia. Maktaba nyingi maarufu za okestra zimerekodiwa kwenye kumbi kubwa. Spitfire Audio, kwa mfano, imerekodi nyingi zake ndani ya Lyndhurst Hall ya studio za AIR mjini London, jengo lililokuwa kanisa. Ni sauti nzuri mno kwa filamu. Kwa taarab inaleta shida, maana mwangwi wa ukumbi umo ndani ya sampuli na hautoki, halafu ni mwangwi wa safu ya fidla 16 zilizofunzwa kuwa kitu kimoja. Fidla za taarab ni chache, zimekaa karibu, na ingawa zinapiga mstari mmoja, kila mpigaji anaupamba kwa namna yake. Ule msuguano mdogo kati yao ndio utamu wenyewe. Ukiita sauti iliyoandikwa "Strings" kwenye kinanda, unapata wingu. Wingu hilo linafaa nyuma ya mwimbaji wa dini au wa bongo fleva, halifai kujibu ubeti.

Ninachofanya ni kutafuta fidla ya mtu mmoja, iliyorekodiwa kavu, na kuupiga mstari wote mara nne kwa mkono. Sinakili. Ukinakili, makosa yanafanana na sikio linagundua. Kila mara nabadilisha kitu: mara ya pili natumia programu nyingine, mara ya tatu nashusha mwinuko kwa senti (sehemu ya mia ya nusutoni) nne au tano, mara ya nne naacha mapambo na kupiga noti zenyewe tu. Nikipata mpigaji halisi hata mmoja, namweka juu ya zile za kompyuta. Sikio linamfuata yeye, nyingine zinageuka kuwa wenzake. Ikiwa bajeti yako inaruhusu kitu kimoja tu, nunua saa mbili za mpiga fidla kabla hujanunua maktaba.

Sasa tufike kwenye robo toni, ambako programu nyingi za gharama zinashindwa na kinanda cha bei ya kati.

Rast na Bayati ni maqamu, yaani mizani za noti za muziki wa Kiarabu. Rast ikianzia Do inakwenda Do, Re, kisha Mi iliyoshushwa robo toni, Fa, Sol, La, na Si iliyoshushwa robo toni. Bayati ikianzia Re inaipita Mi ileile. Nusutoni moja ina senti 100, kwa hiyo robo toni ni senti 50. Fidla na udi hufika hapo bila taabu kwa sababu hazina vizuizi, na nai kwa vidole na pumzi. Ganuni, ala ya nyuzi nyingi za kudonoa, ina vibao vidogo vya kuinua na kushusha nyuzi. Kodiani za Misri hufanyiwa kazi, ndimi zake zikakwanguliwa mpaka zitoe robo toni. Kinanda cha kawaida kimefungwa kwenye nusutoni 12. Unaweza kuwa na fidla iliyorekodiwa kwa ustadi wote wa Vienna, ukaipiga Rast yenye Mi ya piano, na msikilizaji wa Mombasa au Maskati akajua papo hapo kwamba huyu hajui anachopiga. Kinyume chake, fidla ya wastani yenye Mi iliyokaa mahali pake itasamehewa mengi.

Yamaha na Korg wanalijua soko hili. Vinanda vya Yamaha vya PSR-A na matoleo ya mashariki ya Korg Pa vimetengenezwa kwa ajili ya muziki wa Kiarabu, vikiwa na njia ya kushusha noti wakati unapiga, pamoja na sauti za udi, ganuni, nai na safu za fidla za Kairo. Hata vinanda vya Yamaha na Korg visivyo vya mashariki mara nyingi vina ukurasa wa kurekebisha mizani, noti kwa noti, kwa senti. Ukienda dukani uulizie hilo kabla ya kitu kingine. Kinanda kilicho mbele yangu kilikuja na jamaa kutoka Maskati, na miaka yote hii kazi yangu ya jukwaani imekitegemea. Wala usikubali senti -50 kama neno la mwisho. Mi ya Rast haikai mahali pamoja kila nchi. Ya Misri huwa chini kuliko ya Uturuki. Mpe mwimbaji asikilize, panda senti tano tano mpaka uso wake utulie, kisha hifadhi.

Kwenye kompyuta kuna njia mbili. Programu iliyotengenezwa vizuri inakubali faili la mizani, na Pianoteq ni mojawapo. Zisizokubali unazipinda kwa gurudumu la kupinda mwinuko wa noti. Ikiwa gurudumu limepangwa kupinda toni nzima, yaani senti 200, basi robo toni ni robo ya njia. MIDI inagawa njia ya kushuka kwa hatua 8,192, kwa hiyo unaandika -2,048 chini ya kila Mi, na kurudisha sifuri noti inayofuata. Ni kazi ya kuchosha na ina mtego: gurudumu linapinda kila kitu kilicho kwenye chaneli hiyo, hata mkia wa noti iliyotangulia. Kwa mstari mmoja wa fidla inawezekana. Kwa ganuni yenye nyuzi zinazolia juu ya nyingine haiwezekani, utasikia nyuzi zote zikiteleza pamoja. Kabla ya kununua maktaba yoyote ya ala za mashariki, tafuta kwenye maelezo yake kama kuna ukurasa wa mizani ndani. Kama haupo, iache.

Ala zilizobaki nitazipitia upesi, maana hazina ugumu wa fidla. Ganuni ni ya kundi la kwanza, inadonolewa na kuachwa ilie, na sampuli zake huwa nzuri sana. Kosa linaloiharibu ni kuukata mkia: kwenye ganuni mpigaji hafungi kila uzi anapouacha, kwa hiyo uachilie sauti iendelee baada ya kidole kutoka, na mikono miwili iachane oktavu moja kama wanavyopiga wenyewe. Udi ni mzuri noti kwa noti, lakini risha inayokwenda na kurudi kwa kasi kwenye noti moja ni mtihani. Programu lazima iwe na rekodi kadhaa za noti ileile zinazopokezana, la sivyo inatoa sauti ya cherehani. Besi kubwa ya kudonoa kwa vidole inapatikana kila mahali, hata ya bure inatosha. Dumbak na rika (tari dogo) zinakubali sampuli kwa moyo mweupe, ila pigeni kwa vidole vyenu kwenye vibao vya ngoma, wimbo mzima, msirudierudie kipande kimoja. Kodiani ni ya kundi la pili kwa sababu ya mvukuto, lakini ndiyo rahisi kuliko zote katika kundi lake: pedali ya ekspresheni inafanya kazi ya mvukuto sawasawa, na kodiani za vinanda vya Yamaha na Korg ni miongoni mwa sauti bora walizo nazo. Nai sijapata nisiyoichoka. Pumzi ya mpiga nai imo ndani ya kila noti, naye huanza noti kwa upepo kabla ya sauti. Nai namwita mtu.

Kuhusu kinanda dhidi ya kompyuta kama vifaa vya kuishi navyo, tofauti kubwa iko jukwaani. Harusi inaanza saa tatu usiku, umeme unakatika, jenereta inawashwa, na wewe una sekunde chache kabla mwimbaji hajageuka kukutazama. Kinanda kinawaka na kukupa sauti yako. Kompyuta inawaka, inafungua programu, inapakia maktaba, inatafuta kadi ya sauti. Betri ya laptop inasaidia, lakini kadi ya sauti na diski ya nje nazo zinaitegemea. Halafu kuna joto la ukumbi na hewa ya chumvi ya pwani, ambayo haimpendelei yeyote. Kinanda kinachofunikwa kitambaa na kufunguliwa kusafishwa mara moja moja kinadumu.

Kompyuta ina shida nyingine inayowasumbua wengi bila kuijua jina: sauti kuchelewa. Kompyuta inatengeneza sauti kwa mafungu. Kwa kasi ya vipimo 44,100 kwa sekunde, fungu la vipimo 256 ni kama milisekunde 6, na fungu la 1,024 ni milisekunde 23, hapo bado hujahesabu kuchelewa kwa vifaa vyenyewe. Sauti hewani husafiri mita kama 340 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 23 ni sawa na kupiga dumbak huku spika iko mita nane mbali nawe. Hakuna mdundo utakaokaa. Kadi ya sauti ya nje yenye dreva yake ya ASIO (programu ya kuunganisha kadi na kompyuta bila kuchelewa sana), kwa wanaotumia Windows, inaondoa shida hiyo kuliko kununua kompyuta mpya. Spika za laptop na dreva ya kawaida ya Windows ndizo zilizowafanya wengi waamini kwamba programu hazifai kupigwa kwa mkono.

Studioni mambo yanageuka. Kule una muda wa kurekebisha noti moja moja, kubadili programu baada ya kurekodi, kuongeza fidla ya tano. Kompyuta inashinda. Njia ninayowashauri wenye bajeti ndogo ni kinanda cha kati chenye ukurasa wa mizani, hata kilichotumika, kiwe pia ndicho vibonye vya kompyuta, kisha programu za bure kabla ya za kununua. Decent Sampler ni ya bure na ina ala nyingi zilizotengenezwa na watu wa kawaida. Sforzando ya Plogue inafungua mafaili ya SFZ, aina ya mafaili ya kupangia sampuli, ikiwemo Salamander. Spitfire wana mkusanyiko wa bure uitwao LABS. Hizo zinatosha kukufundisha sikio lako linataka nini. Programu za wizi zinazopita mkono kwa mkono kwenye flashi siziungi mkono. Zimewatia watu virusi, na zinakataa kufunguka usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi. Na anayeishi kwa kuuza nyimbo zake hana neno la kumwambia anayemwibia.

Dukani, kinanda kijaribu kwa hedifoni zako, maana spika zake zenyewe hupamba au hufifisha. Shikilia noti moja ya fidla mpaka uanze kusikia duara linajirudia. Likianza mapema mno, sampuli ni fupi. Piga noti ileile ya udi mara nane mfululizo kwa nguvu sawa, usikie kama zinafanana kabisa. Panda kutoka mguso mwepesi hadi mzito. Fungua ukurasa wa mizani, shusha Mi na Si, piga Rast. Mwisho ulizia kama kinakubali sampuli zako mwenyewe.

Hilo la mwisho lina uzito kwangu kuliko yote, kwa sababu ala za kwetu haziko kwenye maktaba za Vienna wala London. Kibangala, zumari la pwani, zeze, marimba ya Wagogo, hizo tutazirekodi sisi. Si kazi ya ajabu. Chukua ganuni ya safu 26 za nyuzi. Iwekwe kwenye maqamu moja, sema Rast, na isibadilishwe vibao mpaka mmalize. Maikrofoni iwe umbali wa mkono mmoja, chumba chenye mazulia na mapazia, feni imezimwa, na subirini bodaboda zipite. Kila safu ipigwe kwa viwango vitatu vya nguvu, mara mbili kila kiwango, na kila noti iachwe ilie mpaka ife yenyewe. Ni rekodi 156. Kila moja ikichukua sekunde kumi, ni dakika 26 za sauti, ingawa kazi yenyewe itakula asubuhi nzima kwa sababu ya kuweka nyuzi sawa kila baada ya safu chache. Kisha zikatwe, zipewe majina kwa noti na kiwango, zipangwe ndani ya Decent Sampler, na mnayo ganuni ya Unguja inayopigika kwa kibodi yoyote.

Yazungumzwe mapema na mwenye ala. Alipwe kwa siku ya kurekodi, jina lake liandikwe ndani ya programu yenyewe mahali linapoonekana, na iwepo karatasi yenye sahihi inayosema kama sampuli zitagawiwa bure au zitauzwa, na zikiuzwa yeye anapata fungu gani. Mpigaji aliyetoa siku moja ya mikono yake anaweza kusikika kwenye nyimbo za watu wasiomjua kwa miaka, na faili likishatoka halirudishwi. Kwa hiyo karatasi isainiwe kabla maikrofoni haijawashwa.